Ilianza lini? Usonji, skizofrenia ya utotoni na mahali vinapokutana

Mwenyekiti, walimu wa vitengo vya elimu maalumu, wazazi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usonji, yaani hali ya ukuaji inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na kuhusiana na wenzake, na skizofrenia ya utotoni, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo. Sababu nimeelezwa. Baadhi yenu mmepewa jina moja hospitali hii na jina jingine hospitali ile, kwa mtoto yuleyule. Mkanganyiko huo haukuanzia kwenu. Mabingwa wa Ulaya na Marekani waliishi nao kwa miongo kadhaa, na watoto ndio walioumia.

Eugen Bleuler, daktari wa Zurich, Uswisi, ndiye aliyeipa skizofrenia jina lake mwaka 1908. Miaka michache baadaye akatunga neno otizimu kueleza dalili mojawapo ya wagonjwa wake: mtu mzima kujifungia ndani ya ulimwengu wake na kuwapa kisogo wenzake. Neno hilohilo ndilo daktari Leo Kanner alilolichukua mwaka 1943, pale hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alipoandika habari za watoto 11 ambao kwa Kiswahili leo tungesema wana usonji. Kwa hiyo jina liliingia kwa watoto likiwa bado na harufu ya ugonjwa mwingine.

Wa kwanza kati ya wale 11 alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kabla ya kumpeleka mtoto alimwandikia Kanner barua ya kurasa 33. Thelathini na tatu! Alieleza kwamba mtoto hakupenda kula, kwamba kabla ya kutimiza miaka miwili alishahifadhi Zaburi ya 23, kwamba alikuwa akizungusha sufuria na chochote cha mviringo, na kwamba hakuonyesha furaha baba alipoingia nyumbani. Kanner aliposoma barua hiyo na kumwona mtoto, alipata jambo ambalo vipimo visingempa. Mgonjwa wa Bleuler alikuwa na watu, kisha akajitenga nao. Donald alikuwa na upweke wake tangu mwanzo. Donald huyo alikua, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akaendesha gari, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Mngedhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Wapi! Kanner mwenyewe mwaka 1949 aliandika kwamba haoni uwezekano wa usonji kuja kutenganishwa na jamii ya skizofrenia. New York, katika hospitali ya Bellevue, daktari Lauretta Bender aliwaweka watoto wa namna hii kwenye kapu la skizofrenia, na katika miaka ya 1940 karibu watoto 100 walio chini ya miaka 12 wakapigwa shoti ya umeme kama tiba. Miongozo ya uchunguzi ya madaktari wa akili wa Marekani, ya mwaka 1952 na ya 1968, iliendelea kuuhesabu usonji ndani ya skizofrenia ya utotoni. Akina mama walilaumiwa pande zote mbili: wa mtoto mwenye usonji kwa kuwa baridi, wa mwenye skizofrenia kwa kumlea mtoto hadi akachanganyikiwa. Kwetu mama huambiwa amekiuka mwiko au ameroga. Kule aliambiwa hayohayo kwa lugha ya vitabuni.

Aliyefungua fundo ni daktari wa akili wa huko Uingereza, Israel Kolvin, mwaka 1971. Alichofanya ni rahisi mno, na ndiyo maana nakipenda. Aliwapanga watoto kwa umri ambao dalili zilianza. Wakatokea makundi mawili: wale wa kabla ya miaka mitatu, na wale wa baada ya miaka mitano. Katikati, watoto wachache sana. Kundi la pili lilikuwa na wengi waliosikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia; kundi la kwanza halikuwa hivyo. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani ukavitenga rasmi. Hata jarida la kitaalamu lililoanzishwa mwaka 1971 likiwa na majina yote mawili juu ya jalada lilikuwa limeshaondoa skizofrenia mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo daktari akikuuliza mara tatu "ilianza lini?", usione anakupotezea muda. Njoo na kadi ya kliniki. Njoo na video za zamani kwenye simu, za sherehe ya kuzaliwa, za Idi, za Krismasi. Mlete bibi aliyemlea. Alikuwa akigeuka akiitwa? Alikuwa akionyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione?

Sasa niwavuruge kidogo. Judith Rapoport na wenzake, katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, walianza mwaka 1990 kuwafuatilia watoto ambao skizofrenia iliwaanza kabla ya miaka 13. Ni ugonjwa adimu sana katika umri huo, na wengi waliopelekwa kwao walionekana hawana. Lakini kati ya waliokuwa nao kweli, kama robo walikuwa na dalili za jamii ya usonji tangu udogoni. Chembe za urithi nazo hazikuheshimu ule mpaka. Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa wamepungukiwa na kipande cha kromosomu ya 22, mojawapo ya nyuzi zinazobeba chembe za urithi. Mara nyingi utakuta moyo una kasoro au kaakaa lina mpasuko. Baadhi yao hupata usonji, na takriban mmoja kati ya wanne hupata skizofrenia au ugonjwa wa jamii yake wakifikia utu uzima. Vitu viwili tofauti, sawa, lakini vinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, naomba nikae kidogo. Mtoto mwenye usonji huchukua swali kama lilivyo. Ukimuuliza, "Unasikia sauti?" atajibu, "Ndiyo." Anakusikia wewe, anasikia feni, anamsikia muuza maandazi barabarani. Mhudumu mwenye haraka ataandika kwamba mgonjwa anasikia sauti, na faili limekwisha haribika. Au mwalimu ataripoti kwamba kijana anazungumza peke yake, kumbe anarudia tangazo la redio neno kwa neno, na amefanya hivyo tangu akiwa na miaka minne. Hiyo si skizofrenia. Kinachopaswa kututia shaka ni mabadiliko: yule aliyependa ratiba yake ya mabasi sasa anasema kondakta anamtumia ujumbe wa siri, anaziba masikio chumba kikiwa kimya, usingizi umepotea, na hata mambo aliyoyamudu, kuvaa, kuoga, yameanza kumshinda. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unasema hivyo: mwenye usonji asipewe jina la skizofrenia mpaka maruweruwe au imani zisizo na msingi ziwe dhahiri kwa muda wa angalau mwezi mmoja, au pungufu kama tiba imezituliza.

Kabla ya yote hayo, pimeni homa na ulizeni kuhusu kifafa. Kwetu hili lina uzito wake. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. 14 walithibitika kuwa na usonji, na watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege. Watatu ni wachache, hawatoshi kujengea sheria. Ila wanatosha kumfanya daktari wetu aulize kuhusu degedege kabla jirani hajalitaja shetani.

Kuhusu dawa nitasema moja tu. Risperidone hutolewa kwa skizofrenia, na Marekani iliruhusiwa mwaka 2006 kupunguza hasira na kujiumiza kwa watoto wenye usonji. Mtoto akitulia kwa dawa hiyo, utulivu wake hauthibitishi kwamba ana skizofrenia.

La mwisho, kwa wenye vijana waliobalehe. Kuna hali iitwayo katatonia, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ya skizofrenia pekee na sasa inajulikana hata kwa wenye usonji. Kijana hupungua mwendo, hukwama mlangoni akiwa amesimama, huganda kijiko kikiwa mkononi, huacha kusema. Wengi huiita ukaidi au kiburi cha ujana. Inatibika, na kuna dawa, lakini anayeganda anaweza kuacha kula na kunywa. Akifikia hapo msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni daktari wa zamu kwamba mwezi uliopita hakuwa hivi.