Kumwagilia Bonsai: Kidole Kwanza, Maji Baadaye

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Miti iliyo kwenye vyungu hivi viwili ni bonsai, yaani miti inayotunzwa ibaki midogo chunguni. Hii ni mutuba, uleule ambao Waganda huchuna gome lake kutengeneza lubugo, kitambaa cha gome la mti. Shambani mutuba unapita paa la nyumba; hapa haufiki goti.

Mutuba wangu wa kwanza ulikufa, na haukufa kwa kiu. Niliumwagilia kila asubuhi saa moja, bila kukosa. Majani yalipolegea, nikaongeza maji. Siku nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka.

Hapo ndipo wengi tunapopotea, maana mti wenye kiu na mti uliojaa maji hulegeza majani vilevile. Mizizi inataka hewa kama inavyotaka maji. Basi saa isikuamulie. Chomeka kidole, au kijiti kikavu, sentimita 2 au 3. Kikitoka kimelowa na udongo umekiganda, uache mti, urudi jioni. Juu pakianza kukauka, mwagilia.

Na ukimwagilia, mwagilia kweli. Tumia kopo lenye matundu madogo ili udongo usichimbike, mpaka maji yatiririke chini ya chungu. Subiri dakika chache, kisha rudia: maji ya kwanza huuamsha udongo, ya pili ndiyo yanayozama. Kisahani kikijaa, kimwage. Udongo mweusi wa bustani peke yake hushikilia maji mno; mimi huchanganya na matofali yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi.

Sasa mvua. Sisi wa Kampala na Entebbe hunyeshewa Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba, na ni katika miezi hiyo ambapo nimeona bonsai zikikauka! Manyunyu hulowesha majani, yakadondokea nje ya chungu, udongo ukabaki mkavu. Kwa hiyo hata Aprili, gusa. Januari, jua likiwaka na upepo ukivuma, chungu kidogo huweza kutaka maji mara mbili kwa siku. Udongo ukikauka kabisa huyakataa maji, yakapita pembeni tu. Hapo tumbukiza chungu kwenye beseni mpaka mapovu yaishe.

Wajapani husema kujifunza kumwagilia ni kazi ya miaka 3. Mimi nimeshapita hiyo, na bado kila asubuhi nagusa.

Mama uliyekaa mbele, karibu. Chomeka kidole kwenye vyungu vyote viwili, utuambie kipi kinataka maji leo.