Ridhaa na Kivuli cha Mtendaji

Ndugu mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda uwandani,

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaambia watu waliojitolea kwamba wanashiriki utafiti wa kumbukumbu, akawataka wampige mwenzao shoti ya umeme kila alipokosea jibu. Umeme haukuwepo, na aliyelalamika nyuma ya ukuta alikuwa akiigiza. Hata hivyo, katika jaribio lililochapishwa kwanza, washiriki 26 kati ya 40 walifika volti 450, kiwango cha juu kabisa cha mashine, baadhi yao wakitokwa jasho na kutetemeka. Kinachonisumbua mimi si uongo huo peke yake. Waliambiwa tangu mwanzo kuwa malipo yao ni yao kwa kufika tu, maana yake walikuwa huru kuondoka; lakini kila aliyesita aliambiwa aendelee, na mwishowe kwamba hana hiari nyingine.

Huku kwetu maneno hayo hayahitaji kutamkwa. Niliwahi kufanya usaili katika kijiji kimoja wilayani Bahi, mkoani Dodoma, nikiulizia huzuni ya kina mama baada ya kujifungua. Mtendaji wa kijiji, kwa nia njema kabisa, alitukusanyia washiriki, kisha akaweka kiti chake chini ya mbuyu, hatua chache kutoka meza yetu. Mama wa kwanza alikuwa ameshagusisha dole gumba kwenye pedi ya wino kabla sijaanza kumsomea fomu ya ridhaa. Nilipomweleza kwamba anaweza kukataa, alimtazama mtendaji, hakunitazama mimi. Nami nikaandika kuwa ameridhia.

Kibali cha kamati ya maadili ni cha lazima, na barua za mkoa na wilaya hazikwepeki. Ila kila muhuri unaoongezeka humfanya mwanakijiji aione karatasi ile kuwa amri ya serikali. Siku hizi ninamwomba mtendaji atutambulishe, kisha atuache. Fomu husomwa kwa Kigogo kwa anayekihitaji, naye hunisimulia kwa maneno yake alichokielewa, na muuguzi wa zahanati huwa ameshaarifiwa, kwa kuwa maswali yetu huamsha machozi.

Tulipoanza utaratibu huo, mama mmoja alisikiliza fomu hadi mwisho, akajifunga kanga vizuri, akasema ana mtama wa kupalilia, akaenda zake. Hatukumuuliza sababu nyingine.