Risasi za Gobore Zenye Tundu Nchani: Uzito Usiobadilika Hutoka Wapi?

Ndugu wawindaji, karibuni. Hapa mezani nimeweka risasi mbili zilizosubiwa siku moja, kwa kalibu moja (umbo la chuma la kumiminia madini), kutoka chungu kimoja. Zimepita mikononi mwenu, mmezigeuza na kuzichungulia, na hakuna aliyeniambia ipi ni mbovu. Basi tuiulize mizani. Hii ina gramu 22.7. Hii nyingine imepungukiwa gramu 0.16. Upungufu huo ni sawa na uwazi wa mviringo wenye upana wa milimita 3 hivi, umejificha ndani ya risasi. Ukikaa katikati kabisa, pengine hutauona hata kwenye shabaha. Ukikaa pembeni, risasi inatoka mtutuni ikiyumba, na mnyama anapigwa tumboni badala ya kifuani.

Nitakayoyasema leo yanazunguka jambo moja: joto la kalibu. Watu wengi wanahangaika na moto wa chungu, wananunua vyungu vya umeme vya kila namna, kumbe tatizo liko mkononi, kwenye kalibu.

Tuanze na madini yenyewe, yaani madini ya risasi, kwa ufupi. Gobore linataka risasi laini. Risasi inasukumwa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, kutoka mdomoni mwa mtutu, kisha mlipuko wa baruti unaitanua kitako ikamate mifuo, ile mikwaruzo ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu. Mfaransa Claude-Étienne Minié alijengea jina lake juu ya kanuni hiyo mwaka 1849, kwa risasi yenye shimo kitakoni. Madini magumu hayatanuki vizuri, na ile ncha yenye tundu, badala ya kufunguka, huvunjika au hupita bila kubadilika. Kwa hiyo tumia madini safi, au changanya sehemu 1 ya stani (metali ya bati) kwa sehemu 40 za madini. Stani husaidia kujaza pembe za kalibu. Jaribio la haraka ni ukucha: madini safi yanachorwa na ukucha bila taabu.

Ukiokota madini kwenye chakavu, jihadhari: vipande vya kusawazishia magurudumu ni vigumu zaidi kwa sababu vina antimoni, na siku hizi vingine ni zinki tupu. Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419. Usipoendesha moto ovyo, zinki itabaki ikielea na utaiopoa. Ikishayeyukia humo, chungu kizima kimeharibika. Na betri za gari msiziguse. Sahani zake zina viungo vinavyoweza kutoa gesi zenye sumu kali. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa kalibu. Ikiwa baridi, risasi inatoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee. Ikizidi moto, inatoka na weupe wa ukungu. Weupe kidogo haunisumbui. Makunyanzi hayana msamaha, yarudi chunguni. Mwenye kalibu ya tundu ana mzigo wa ziada, nao ni ile pini inayotengeneza tundu. Ni nyembamba, imezungukwa na hewa kila inapochomolewa, kwa hiyo inapoa kabla ya sehemu nyingine yoyote. Madini yakigusa pini baridi yanaganda papo hapo, na mdomo wa tundu unatoka umemeguka upande mmoja. Tundu likikaa upande, uzito umekaa upande. Ndiyo maana mimi huegemeza kalibu na pini yake kwenye ukingo wa chungu kabla ya kuanza, na risasi za mwanzo hurudishwa chunguni bila hata kuangaliwa.

Baada ya hapo, kinachotawala ni mwendo. Mimina, hesabu kimoyomoyo, kata, angusha, funga, mimina. Ukisimama kuisifia risasi nzuri iliyotoka, pini imepoa, na inayofuata itakuwa mbovu. Kusifia kutafanyika jioni.

Ule uwazi wa ndani nao una sababu yake. Madini yakiganda yanasinyaa, na kinachosinyaa kinahitaji kuongezewa. Acha kidimbwi cha madini juu ya sahani ya kukatia, lile bamba la juu ya kalibu lenye tundu la kumiminia, chenye ukubwa wa kutosha, ili risasi iendelee kunyonya kutoka juu inapoganda. Ukibana kumimina, risasi inakosa pa kunyonya na inaacha pango. Ukikata mapema mno, unang'oa kitako. Subiri uso wa kidimbwi ubadilike rangi, kisha subiri kidogo tena ndipo ukate.

Watu huniuliza kama risasi hizi si zile zinazofunguka mwilini, zilizopigwa marufuku kwenye mkutano wa Hague, Uholanzi, mwaka 1899. Azimio lile lilihusu vita kati ya mataifa. Mawindoni sababu ya tundu ni nyingine: mwendo wa risasi ya gobore si mkubwa, na ncha inayofunguka inamwangusha mnyama upesi kuliko ile inayotoboa na kupita.

Kuhusu usalama nitasema bila kupamba. Tone moja la maji likizama ndani ya chungu linageuka mvuke ghafla, na madini yanaruka hadi usoni. Vaeni miwani, glavu nene na viatu vilivyofunika mguu. Fanyeni kazi nje au penye hewa inayopita, mbali na watoto, na msile wala kuvuta sigara hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Taka zinazoenguliwa juu ya chungu ni vumbi la sumu, hivyo zifungiwe koponi. Na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za familia.

Zikishapoa, zipimeni moja moja na kuziweka kwenye mafungu. Zitajikusanya kwenye uzito mmoja, na chache zitabaki nyuma zikiwa nyepesi. Hizo nyepesi ziyeyusheni tena. Nzito kupita kiasi pia zina habari yake: huenda nusu mbili za kalibu hazikufunga, kuna chembe katikati. Ichunguzeni kalibu kabla ya kulaumu mizani.

La mwisho ni mdeki. Mdeki wenye ncha bapa unakandamiza mdomo wa tundu wakati wa kushindilia, na kazi yote ya pini imepotea. Chongeni ncha ya mdeki iwe na bonde linaloshika mabega ya risasi, lisiguse tundu.