Kuku Wako, Mchicha wa Jirani

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, akina mama, vijana, habari za mchana. Nimepewa muda mfupi niseme juu ya kuku wanaozurura hapa Goba, na nawaona mbele yangu watu niliokwisha kuwaambia haya mara nyingi. Nitayarudia, maana ugomvi bado upo.

Kila kesi ya kuku ikifika, mwenye kuku anaambiwa neno moja tu: jenga uzio. Anajenga. Wiki haijaisha, kuku wako kwa jirani tena. Hakuna aliyejiuliza wanafuata nini kule!

Niliitwa nyumba moja, siitaji. Mama ameweka wavu mzuri kabisa, mrefu kunizidi. Jirani yake ana matuta ya mchicha na matembele, na kila asubuhi anakuta miche imefukuliwa. Walikuwa hawasalimiani. Nikaomba kiti, nikakaa nitazame. Tetea mmoja akaparamia rundo la matofali, akaruka, akatua katikati ya tuta. Mchicha hakuugusa. Alilala ubavu, akachimba kwa miguu, akawa anajirushia udongo chini ya mbawa, macho ameyafumba nusu. Alikuwa anaoga vumbi! Ndivyo kuku anavyojiondolea chawa na utitiri. Nyumbani kwake angeogea wapi? Nusu ya uwanja ni sementi, nusu nyingine inafagiwa kila alfajiri mpaka ardhi imekuwa ngumu. Jirani ndiye mwenye udongo uliotifuliwa.

Tulichofanya hakikugharimu chochote. Tulichimba shimo la kina cha shibiri moja kwenye kona, tukajaza mchanga mkavu na majivu ya jikoni, tukaezeka kipande cha bati mvua isiingie. Matofali tukayasogeza mbali na wavu. Halafu tukabadilisha saa ya chakula, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi wenu mnamwaga pumba asubuhi, kuku wakishiba mnawafungulia mlango. Sasa warudi kufuata nini? Asubuhi wape kidogo. Mlo wenyewe, pumba na dagaa na mabaki ya mboga, uwe saa kumi na moja jioni, ndani ya banda. Kuku akishajua jioni kuna kula, anarudi mwenyewe, humkimbizi na fimbo.

Najua kuna mtu anasema moyoni: kuku wa kienyeji ukimfungia si wa kienyeji tena, nyama inapoteza ladha. Hapana. Hatuzungumzii kumfungia ndani maisha yake yote. Tunasema nusu huria: banda la kulala, uwanja wenye wavu wa kutembelea mchana, kivuli, maji, majani. Na huo uhuru mnaoutetea, hesabuni hasara yake. Mayai yanatagwa vichakani, mnayakuta yameoza. Vifaranga wanachukuliwa na mwewe, na hawa kunguru wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakatapakaa pwani yote. Ni nani hapa aliyewahi kukuza vifaranga wote walioanguliwa na tetea anayezurura? Nyoosha mkono. Mnaona.

Mwingine ataniambia kuku wake wanaruka kama ndege, wavu hauwazuii. Mkate manyoya ya bawa. Si ukatili, haumii, ni kama kukata kucha, mradi unyoya umeshakomaa. Unyoya mchanga una damu ndani ya shina lake, huo usiuguse. Kata yale manyoya 10 makubwa ya mwisho wa bawa, na ukate bawa moja tu! Watu wanakata yote mawili, kuku anaruka chini kidogo lakini anaruka. Bawa moja linampotezea mizani. Akinyonyoka na kuota manyoya mapya, unakata tena.

Mengine nayataja upesi. Wavu uufukie chini shibiri moja, maana nguchiro anachimba. Kuku mgeni mfungie bandani wiki mbili kabla hujamtoa, ajue kwake ni wapi. Viota viwe mahali penye giza kidogo, asiende kutafuta kichaka. La jogoo kuwika usiku nilitaka kulisema, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa.

Namalizia na kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoua kuku, hili siliachi. Kuku anayeingia nyumba tano kwa siku anaweza kubeba kideri nyumba zote tano. Chanjo yake, iitwayo I-2, ni tone moja la jichoni, kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo tuchanje mtaa mzima siku moja. Daftari liko pale mlangoni. Andika idadi ya kuku wako kabla hujaondoka, hata kama ni wawili.