Tuanze na Mzizi: Kujifunza Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Mabibi na mabwana,

Nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi, na nitaendelea kulisema hadi madaftari ya wanafunzi yabadilike: mtu aliyekwisha kuvuka hatua ya mwanzo ya Kiingereza hapaswi tena kukariri maneno kwa orodha. Orodha inamfaa anayejifunza majina ya vyombo na viungo vya mwili. Anayesoma hukumu za mahakama, insha au makala ya sayansi hukutana na maneno ya namna nyingine, ambayo mengi yametoka katika Kilatini, ama moja kwa moja, ama kupitia Kifaransa kilichoingia Uingereza pamoja na Wanormani mwaka 1066. Maneno hayo yana ukoo, na anayejifunza neno bila kuujua ukoo wake anajitwisha kazi maradufu.

Dhana ya mzizi haihitaji kuelezwa kwa urefu mbele ya Waswahili. Sote tunahisi kwamba kitabu, katibu, maktaba na mkataba ni ndugu, kwa kuwa nyuma yake zipo konsonanti tatu za Kiarabu, k, t na b, zinazobeba maana ya kuandika. Kinachonisikitisha ni kwamba mtu huyuhuyu akifungua daftari lake la Kiingereza huyasahau maarifa hayo yote, akaandika neno upande huu na tafsiri upande ule, mstari baada ya mstari.

Niliwahi kukabidhiwa daftari la namna hiyo na mwanafunzi mwenye bidii kubwa. Mwanzoni alikuwa ameandika "congregate", kukusanyika. Mbele kidogo lilikuwapo neno "segregate", kutenga. Kurasa kadhaa baadaye likaja "aggregate", jumla. Kisha "gregarious", mpenda kuwa na watu. Na karibu na mwisho "egregious", yaani baya kupita kiasi, ambalo alikuwa amelipigia mstari mwekundu kwa sababu lilikataa kukaa kichwani. Yalikuwa maneno matano mahali patano, na kila moja lilikuwa limemgharimu juhudi yake peke yake, ilhali yote yametokana na neno moja la Kilatini, "grex", ambalo katika maumbo yake mengine huwa "greg-", na maana yake ni kundi la wanyama.

Tuyapitie polepole, kwa sababu hapa ndipo penye faida. Weka "con-", yaani pamoja, na kundi limekusanyika. Weka "se-", yaani kando, na mmoja ametengwa na wenzake. Weka "ad-", yaani kwenye, ambayo d yake imemezwa na g inayoifuata, na vitu vimeongezwa kwenye kundi hadi vikawa jumla moja. "Gregarious" halina kiambishi awali chochote. Linataja hali ya kuishi kikundi, ndiyo maana wataalamu wa wanyama hulitumia kwa viumbe waishio makundi na watu wengine hulitumia kwa mtu asiyependa upweke. Linabaki lile la mstari mwekundu. E ya mwanzo ni "ex-" iliyofupishwa, yaani nje: "egregious" ni yule aliyesimama nje ya kundi.

Hapo huinuka mkono, na mwenye mkono huuliza ubaya umetoka wapi. Nje ya kundi anaweza kusimama aliye bora kuliko wote na anaweza pia kusimama aliye mbaya kuliko wote. Katika karne ya 16 Waingereza walilitumia neno hili hata kwa sifa njema, kisha maana ya ubaya ikashinda. Kiitaliano kimebaki na upande wa heshima, na barua rasmi ya Kiitaliano huweza kumwita anayeandikiwa "Egregio Signore". Mwanafunzi akishaijua safari hiyo, wino mwekundu hauna kazi tena.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo hutolewa kila ninapozungumza: kwamba mzizi hupotosha, kwamba mtu atakisia maana na kukosea. Atakosea, ndiyo, iwapo atakisia na kuishia hapo. Hakuna aliyesema kwamba mzizi huchukua nafasi ya kamusi. Kamusi inathibitisha maana ya leo, na mzizi unaifanya maana hiyo ikumbukike. "Pedestrian" lina neno la Kilatini la mguu, na "pediatric" lina neno la Kigiriki la mtoto, ingawa herufi zinafanana. Hata sisi tuna kutubu, lenye k, t na b zilezile, lakini ku- yake ni yetu wenyewe na tubu ni neno jingine kabisa la Kiarabu. Wala sijamwona mtu aliyeacha kuutambua undugu wa kitabu na maktaba kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni kamusi inayoonyesha asili ya maneno, na subira ya kuifungua.

Ugumu wa kweli uko kwingine, na walimu wengi huuruka. Irabu ya mzizi wa Kilatini mara nyingi hubadilika kiambishi awali kinapotangulia. Mzizi wa kutazama ni "spec-", tunaouona katika "inspect" na katika "circumspect", mtu anayetazama pande zote kabla ya kutenda. Lakini katika "conspicuous" na "despicable" umekuwa "spic-". Mzizi wa kushika ni "ten-" katika "tenacious" na "tin-" katika "pertinent". Mwanafunzi aliyefundishwa umbo moja tu atapita karibu na ndugu wa neno lake bila kuwatambua, kwa hiyo maumbo yote yaandikwe juu ya ukurasa mmoja tangu siku ya kwanza.

Kuhusu matumizi nitasema machache: kila neno liandikwe ndani ya sentensi iliyokutwa katika usomaji halisi, kwa kuwa mzizi hauwezi kukufundisha kwamba "egregious" huandamana na makosa na ukiukaji wa sheria. Viambishi tamati naviacha. Kigiriki kinastahili mhadhara wake, ila siwezi kuondoka bila kutaja viambishi viwili vinavyokaribiana kwa sauti, "hypo-", chini, na "hyper-", juu. Vifundishwe pamoja na kwa mifano, maana "hypotension" ni shinikizo la damu lililoshuka na "hypertension" ni lililopanda, na msomaji wa makala ya tiba hana ruhusa ya kuvichanganya.