Mtu wa Tanga Analalamikia Joto? Jibu Langu Kutoka Maskati

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wale wa salamu nyingine nawaamkia pia. Ninarekodi video hii nikiwa kando ya barabara ya ufukweni hapa Qurum, ni saa kumi na moja kasoro robo alfajiri ya mwezi wa sita, jua bado halijachomoza, na kama mnavyoona ushungi wangu umekwisha kulowa. Sijakimbia hata hatua moja. Nimeshuka garini tu na kutembea mpaka hapa.

Kilichonileta ni swali lile lile ambalo hamchoki kuniuliza: wewe ni mtoto wa Tanga, umezaliwa kwenye joto na kukulia kwenye joto, hilo la Maskati linakushinda nini? Halafu wapo wengine ambao wameniona nikitembea kwa mazoezi ndani ya jengo la maduka lenye ubaridi, wakaandika kwamba najionyesha. Kwa hiyo nikisema huku kuna joto, nimedeka. Nikionekana nimelikwepa joto hilo, ninaringa. Leo nitajibu yote mawili kwa mara moja, na nitakayoyasema ni yangu mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minane asiye na presha wala sukari, kwa hiyo mwenye hali tofauti asije akaniiga kisha akanilaumu.

Nianze na hilo la Tanga kwa sababu ndilo linaloniuma. Joto la kwetu nalijua. Februari na Machi, kabla ya mvua za masika, tulikuwa tunalala milango wazi, na mama akimwagia maji sakafu ya saruji jioni ili watoto tupate pa kujinyoosha. Hata hivyo hilo lilikuwa joto la nyuzi 32 au 33, na usiku ulikuwa unatupumzisha. Hapa mwezi wa sita, wakati ninyi kusi limeanza na mnatafuta shuka la pili, mchana wa kawaida unafika nyuzi 40 hivi, na usiku hauna desturi ya kushuka chini ya 30. Kuna mji wa pwani unaoitwa Quriyat, kusini-mashariki ya Maskati, ambako tarehe 26 Juni 2018 kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa zote 24. Maana yake ni kwamba usiku wa manane, watu wamelala, bado kulikuwa na zaidi ya nyuzi 42. Milima inayoizunguka Maskati ni mawe meusi matupu yasiyo na mti, yanayolimeza jua mchana kutwa na kulitema usiku kucha.

Lakini hata hizo namba zinadanganya, na hili ndilo watu wengi hawanielewi ninapolieleza. Mnaujua mtungi wa udongo. Maji yake hupoa kwa sababu mtungi unavuja kidogo kidogo, na kile kinachovuja kinapokauka kwa upepo huondoka na joto. Uweke mtungi huo huo kwenye chumba chenye unyevu na kisichopitisha hewa, na utakunywa maji ya vuguvugu siku nzima. Mwili nao hujipoza hivyo hivyo: jasho linalodondoka chini halijakupoza chochote, linalokupoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Zipo siku ambazo upepo wa moto unashuka kutoka milimani, kipimo kinasoma 45, midomo inapasuka, na bado naweza kutembea robo saa kivulini nikiwa na maji yangu. Halafu zipo siku ambazo hewa ya bahari imetuangukia, kipimo kinasoma 36 tu, miwani inaingia ukungu ninapofungua mlango wa gari, na siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Kwa hiyo ukiniuliza leo ni nyuzi ngapi, hujaniuliza swali lenye faida. Niulize kama nguo niliyoianika kibarazani imekauka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua miaka mitatu kulitambua, nalo ndilo jibu langu hasa. Mimi si mtu wa joto tena. Mimi sasa ni mtu wa kiyoyozi. Nalala kwenye nyuzi 24, naendesha gari lenye ubaridi, nakaa ofisini ninakovaa sweta, na katika siku nzima ninakutana na hewa ya kweli kwa dakika kumi za kutoka mlango huu kwenda mlango ule. Mwili wa binadamu hulizoea joto kwa kukaa nalo na kufanya kazi ndani yake, wiki moja hadi mbili hivi: jasho linaanza kutoka mapema zaidi, chumvi yake inapungua, damu inaongezeka majimaji na moyo haupigi tena kwa fujo. Ukiliacha joto kwa wiki chache, mazoea hayo yanayeyuka, na hayaangalii ulizaliwa wapi. Cheti cha kuzaliwa cha Tanga hakimtishi mtu hapa.

Hayo niliyajua kwa kuanguka. Mwaka 2022 nilichukua likizo ya mwezi mzima, na sehemu kubwa niliimalizia Lushoto kwa dada yangu, tunaota moto na kunywa chai ya tangawizi. Nilirudi Maskati katikati ya Julai. Siku ya pili tu, saa kumi na moja jioni, nikaja hapa hapa Qurum kutembea mwendo ule ule niliouacha, kwa ubishi, kwa sababu nguo zilikuwa zimenibana. Baada ya kama dakika ishirini macho yakaingia ukungu, miguu ikawa kama si yangu, na jambo la ajabu zaidi ni kwamba nilikuwa nasikia baridi. Aliyenishika mkono ni mzee wa Kiomani mwenye kofia na bakora, aliyeniangalia usoni na kuniambia kwa Kiunguja safi kabisa, "Kaa, mwanangu, kaa hapa. Jua la huku halichezewi." Aliniketisha nyuma ya ukuta, akanimwagia chupa nzima ya maji shingoni na kwapani kabla hajanipa nyingine ya kunywa, akawa ananipepea kwa gazeti huku akiniuliza jina langu na siku ya leo ni ipi. Nilidhani ananipotezea muda. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anapima kama akili bado ipo, kwa maana mtu anayeanza kuropokwa kwenye joto si wa kupewa juisi bali ni wa kupozwa mwili haraka huku ikipigwa 9999 iletwe gari la wagonjwa. Mungu amlipe mzee yule. Sikumwona tena.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Naswali alfajiri, ambayo msimu huu inaingia karibu na saa kumi, nakunywa maji vikombe viwili, na niko nje kabla ya saa kumi na moja. Jua linachomoza dakika ishirini hivi baada ya hapo, na saa moja asubuhi haijafika nimekwisha kuwa ndani. Jioni nimeiacha kabisa mpaka mwezi wa kumi, kwa sababu lami na mawe vinakuwa bado vinatoa moto wa mchana, ingawa vijana wanacheza mpira ufukweni na wanaweza. Nikirudi kutoka likizo naanza na dakika kumi na tano za polepole, kisha naongeza kidogo kidogo kwa siku kumi na zaidi, hata kama najiona nina nguvu. Abaya ya mazoezi ni ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, tena pana, maana nguo ya kubana inaukosesha mtungi upepo. Kuhusu chumvi, nikitoka jasho kwa zaidi ya saa moja nakunywa labani, yaani mtindi mwepesi wa kunywa, yenye chumvi au nakoroga lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ile ile tuliyokuwa tunapewa tukiharisha. Kunywa maji matupu mengi mno nako kuna madhara yake. Mwenye presha amuulize daktari wake kwanza.

Kuhusu kuoga sikudanganyeni. Matangi ya maji yako juu ya paa, kwa hiyo kuanzia mwezi wa tano bomba la maji ya baridi linatoa maji ya kuchemshia ugali. Wenyeji walinifundisha kuzima hita kabisa msimu wa joto, ili maji yaliyotulia ndani ya tangi la hita, lililomo chumbani, yawe ndiyo ya baridi. Kwa hiyo kiangazi unafungua bomba jekundu kupata maji ya baridi, na la buluu unalikimbia. Yakiisha hayo, umekwisha.

Sasa fedha, maana najua ndiko mnakotaka nifike. Rial moja ya Omani ni zaidi kidogo ya dola 2.6, kwa hiyo msizione tarakimu ndogo mkacheka. Januari umeme wangu ni rial 11. Julai iliyopita ulikuwa rial 46, kwa nyumba ya chumba kimoja na sebule, na hapo nilikuwa nimesafisha vichujio vya kiyoyozi mwenyewe kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo anayesema natembea kwenye jengo la maduka kwa kujionyesha, ajue kwamba pale ndani ubaridi analipa mwingine. Natembea mizunguko sita, sinunui hata maji, na mlinzi wa pale ananijua hivyo.

Mwaka juzi nilijaribu kuwa mtu wa chumba cha mazoezi. Februari nikalipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu kulikuwa na punguzo. Kufika Julai, mwezi ule ule niliokuwa nimeulipia hasa, kiyoyozi chao kikaharibika, wakafunga ukumbi wa wanawake kwa wiki tano. Nilipoomba siku zangu zisogezwe mbele nikaambiwa nilete cheti cha daktari au nakala ya tiketi ya ndege, kwa kuwa fomu yao inatambua ugonjwa na safari tu. Nikawauliza, anayeumwa hapa ni nani, ni mimi au ni kiyoyozi chenu? Karani akanijibu kwa upole kwamba fomu haina sehemu ya kiyoyozi.

Na kabla halijaisha hilo, kitambulisho changu cha ukaazi kikafika mwisho. Kukihuisha ni kazi ya mwajiri: kuna kipimo cha afya, kuna alama za vidole, kuna malipo, na mwajiri wangu wa wakati ule alikuwa akiahidi kesho kwa siku ishirini na tatu. Hapa kitambulisho kikiisha muda benki nayo inaifunga kadi yako. Kwa hiyo nikawa na mshahara ndani ya akaunti, nina bili ya umeme mkononi, ni mwezi wa nane, na siwezi kulipa. Mwenzangu wa ofisini, Mfilipino, ndiye aliyenilipia kwa simu yake. Nilikaa usiku mbili na kiyoyozi nimekizima mwenyewe kwa hofu ya kuongeza deni kwa mtu baki, nimejifunika kanga iliyolowekwa maji, feni ikinipuliza, na nawaambia kanga hiyo ilikuwa imekauka kabla sijapata usingizi. Hizo siku sikupiga picha.

Wapo wanaosema hayo ni manung'uniko ya mtu wa ofisini, na hapo nakubali. Sheria ya hapa inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mafundi wa jengo lililo mbele ya dirisha langu wanalala chini ya ngazi muda huo, viatu wameviweka kichwani kama mto. Lakini wao wamekwisha anza kazi kabla jua halijachomoza, na saa nne asubuhi siyo ya kivuli. Mdogo wangu aliyeniuliza kuhusu kazi za ujenzi wa huku, jibu langu kwake ni hilo: ukija, jaribu kufika mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ili mwili upate muda. Ukiletwa Julai, wiki zako mbili za kwanza ndizo za hatari, na msimamizi hatajua kama umetoka Tanga au umetoka Njombe.

Na kwa wale wanaowaandaa wazazi kwenda Hija na kuniuliza kama joto la Makka ni kama la huku: Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50, mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, na serikali ya Saudia ilisema wengi wao hawakuwa na vibali rasmi, wakawa wanatembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Kwa hiyo wakala akikwambia kibali si lazima kwa sababu mzee amezoea jua la shamba, usimlipe.

Kuna aliyeniuliza pia kwa nini siendi Salala, mji wa kusini mwa Omani, kiangazi, kwa kuwa kule kuna mvua za manyunyu na milima ya kijani kuanzia Juni mpaka Septemba. Ni kweli, na madafu yapo. Ila ni kama kilomita elfu moja kutoka hapa, na likizo yangu naipeleka kwa mama.

Jua hilo linatoka sasa, mnaliona nyuma yangu, na sijatembea bado kwa ajili yenu. Nilitaka niwaonyeshe na kipimo changu cha unyevu, lakini simu imeandika hapa kwamba imepata joto na inataka kuji