Kabla Hujanunua Pistoni: Spea za Injini ya Msumeno wa Mnyororo

Mwanaidi: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuna msumeno wa mnyororo ulionoki: pistoni imekwama ndani ya silinda. Injini imefunguliwa, na mwenyewe yuko tayari kuagiza pistoni na silinda mpya. Kaka Baraka, aagize?

Baraka: Asiagize bado, dada. Aisome kwanza pistoni iliyokufa. Michirizi ikiwa upande wa ekzosi, njia ya moshi, tu, mara nyingi injini ilikuwa inavuta hewa kupita kiasi: sili ya krenki (mpira unaoziba hewa kwenye mhimili wa injini) imechoka, au mpira wa kabureta umepasuka. Ikiwa imekwaruzika pande zote, shuku petroli isiyo na oili. Ukifunga pistoni mpya juu ya sili inayovuja, nayo itakufa.

Mwanaidi: Na wengi hukimbilia seti nzima kwa sababu silinda inaonekana imechubuka vibaya.

Baraka: Hapo ndipo pesa inapotea! Silinda nyingi za misumeno hii ni alumini iliyopakwa utando mgumu ndani, wa kromu au wa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi. Injini ikinoki, alumini laini ya pistoni huyeyuka na kuganda juu ya utando huo. Unaona mikwaruzo, kumbe ni uchafu wa pistoni. Mafundi huiondoa kwa asidi ya haidrokloriki, kidogo kidogo, kwa kijiti cha pamba.

Mwanaidi: Glavu, miwani, na kazi ifanyike nje penye hewa. Tena asidi isiguse kingo za matundu ya ukutani mwa silinda, maana pale alumini iko wazi.

Baraka: Kabisa. Povu likikoma, alumini iliyoganda imekwisha; suuza kwa maji mengi. Likichemka mahali pamoja bila kukoma, utando pale umetoboka na asidi inakula silinda yenyewe. Hiyo usiifunge tena.

Mwanaidi: Tuseme utando ni mzima.

Baraka: Basi mimi nabaki na silinda iliyokuja na msumeno, nanunua pistoni nzuri peke yake. Ya mtengenezaji wa msumeno ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, pistoni za Meteor za Italia zina jina zuri kwa mafundi. Siibadilishi silinda orijino nzima kwa seti ya bei rahisi, hata ing'ae vipi. Katika seti hizo utando huweza kuwa mwembamba, na kingo za matundu huachwa kali, ringi, yaani pete ya pistoni, ikajikwaa na kukatika.

Mwanaidi: Na akilazimika kuchukua seti hiyo?

Baraka: Apitishe kidole kwenye kila tundu. Kingo ikikata, ailainishe kwa jiwe dogo la kunolea. Kisha aingize ringi peke yake ndani ya silinda, aisawazishe kwa kichwa cha pistoni, apime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Kwa kipenyo cha milimita 50, takriban milimita 0.2 ni sawa. Ncha zikigusana, injini ikipata moto ringi itakosa pa kutanukia.

Mwanaidi: Watu husahau pia unene wa ringi. Ya milimita 1.2 na ya 1.5 zinafanana machoni, lakini mfereji wa pistoni haudanganyiki. Na klipu zinazoshika pini ya pistoni?

Baraka: Mpya, kila mara. Klipu ya zamani ikichomoka, inaharibu kila kitu ulichonunua. Sili za krenki vilevile. Beringi za krenki zungusha kwa mkono: zikikwaruza au krenki ikicheza juu na chini, badilisha.

Mwanaidi: Wengine huondoa gasketi ya chini ya silinda ili kampresheni ipande.

Baraka: Wapime kwanza. Weka waya laini wa solda juu ya pistoni, ufike ukutani, zungusha krenki, kisha pima unene wake ulipobanwa. Ukipata chini ya milimita 0.5, pistoni iko karibu mno na kichwa cha silinda; rudisha gasketi.

Mwanaidi: Tumefunga. Tunawasha?

Baraka: Hapana, tupime kwanza kama inavuja. Ziba ekzosi na njia ya kabureta, tia presha ya takriban bar 0.5, ushike. Halafu vuta hewa kiasi hichohicho, kwa sababu kuna sili inayohimili presha lakini ikivutwa inaachia. Sindano ya geji ikitulia mara zote mbili, funga kabureta.

Mwanaidi: Na mshale wa kichwani mwa pistoni?

Baraka: Unaelekea ekzosi. Angalia kabla silinda haijashuka.